Koki ya Nyumbani kwa Mzee Futi

Mpimaji wa maji wa hifadhi aliajiriwa Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2019, na kabla wiki ile haijaisha mji ulikuwa umeshamsahau kwa jina alilopewa na wazazi wake. Akawa Mama Koki.

Jina lilitokana na kazi. Chini ya jangwa lile kuna maji ya zamani yaliyobanwa kati ya miamba, yanasukumana kutafuta pa kutokea kama maji ndani ya mpira uliokanyagwa. Pale mwamba ulipopasuka wenyewe, maji hupanda bila kuvutwa na mtu, na hapo pana chemchemi: kidimbwi cha vuguvugu juu ya kinundu cha chumvi na udongo mweupe, matete yamekizunguka, na kuanzia hapo mchanga mtupu hadi macho yachoke. Chemchemi zote ziko ndani ya uzio wa hifadhi. Nje ya uzio kuna mji, nao unategemea maji yale yale, maana popote utakapotoboa kwa mashine, maji huruka yenyewe. Watu wa pale hawajui pampu. Walizoea kuyaacha maji yatiririke usiku na mchana, mtaroni, barabarani, hadi yapotelee mchangani, na aliyeyafunga alionekana mchoyo.

Lakini kila tundu linaloachwa wazi mjini hupunguza nguvu inayosukuma maji hifadhini. Kazi ya mpimaji ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu jambo hilo, kisha kufunga koki kwenye mdomo wa kila kisima, ili mwenyewe afungue anapohitaji na kufunga akimaliza. Ni maneno rahisi kusema. Kumwambia mtu ambaye babu yake aliyaacha maji yakitiririka kwamba sasa ayafunge ni sawa na kumwambia apumue kwa zamu.

"Ficheni vikombe, Mama Koki huyo!" vijana wa kijiweni walimpigia kelele alipopita na pikipiki ya ofisi, spana kubwa imefungwa nyuma. "Mama Koki, mimi natokwa na jasho, nifunge na mimi!"

Aliwajibu bila kugeuka. "Wewe kwanza nikufunge mdomo. Huo ndio unaovuja."

Walivunjika mbavu, naye akaendelea na safari. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Mtu akileta ubishi alimpakia kwenye gari la hifadhi, akampeleka hadi Jicho Dogo na kumwonyesha. Jicho Dogo ndiyo chemchemi ndogo kuliko zote, na ndani yake kuna visamaki vya urefu wa ukucha, vyenye mstari wa buluu ubavuni, ambavyo havionekani katika chemchemi nyingine yoyote. Zamani maji ya Jicho Dogo yalimwagika juu ya ukingo na kulowesha matete upande wa chini. Siku hizi yalikuwa yamezama chini ya ukingo, matete yamegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na visamaki vimejikusanya katikati vikigombea kina. Watu waliviangalia, wakarudi mjini na kukubali koki. Kisima baada ya kisima, alivimaliza karibu vyote.

Vilibaki viwili. Kimoja cha Dobi, na kimoja cha baba yake.

Baba yake alikuwa mchimba visima wa kwanza wa mji ule, na kwa sababu hakuweza kuzungumzia chochote bila kutaja kina chake, aliitwa Mzee Futi. Nusu ya visima vya mji alichimba yeye. Kile cha uani kwake ndicho kilichokuwa cha kwanza kabisa. Siku maji yaliporuka, wakubwa wa serikali walikuwepo, wakapigwa naye picha, na picha ile ilitundikwa ofisini kwa meneja wa hifadhi, juu kidogo ya kabati la chai. Mzee yumo katikati, kijana, amelowa chapachapa, anacheka na meno yote. Tangu siku hiyo kisima kile hakikufungwa. Bomba nene kama paja la mtu lilisimama uani, na maji ya moto kiasi, yenye harufu ya kiberiti, yalimwagika ndani ya birika la saruji, yakatoka, yakapita chini ya ukuta na kwenda zake. Wenye miguu inayouma walikuja kukaa ukingoni. Meneja mwenyewe alileta wageni wake pale wakatumbukiza miguu, na mzee akawasimulia futi moja moja.

Hakuna aliyesema kifungwe. Si kwamba waliogopa. Waliona haya kumwambia. Mkutanoni meneja alipofika kwenye kisima kile alishusha sauti. "Na kile cha mzee wetu?"

"Nitakishughulikia," mpimaji alijibu.

"Taratibu lakini. Mzee ni mzee."

Naye alikishughulikia taratibu kweli kweli. Alipanga mizunguko yake ili mtaa wa kwao uje mwisho, na alipofika alikuwa amechoka, mama yake ameshaweka chai, na haikuwa saa ya kutoa spana. Alijiambia kwamba ni heshima. Binti hamwekei baba yake koki. Akaja kulizoea hilo, akala, akanywa, akacheka na baba yake, huku maji yakitiririka nyuma ya mgongo wake, kiasi ambacho visima vingi vya mji vikiunganishwa visingekifikia. Alijua kiasi hicho vizuri kuliko mtu yeyote. Kupima maji ndiyo kazi iliyomweka mjini.

Dobi alikuwa mjane aliyefua mashuka ya nyumba za wageni. Maji ya kisima chake yalitoka moto tayari, akafua bila kununua kuni wala gesi, na ua wake ulikuwa kamba juu ya kamba, mashuka meupe yakipigwa na upepo wa jangwa na kukauka kabla hujamaliza kuyatandaza. Wasichana wawili walimsaidia. Asubuhi mpimaji alipoingia na koki mpya begani, Dobi alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imekuwa myekundu hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiyo uliyobeba ni zawadi au ni msiba?"

"Ni koki, mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo. Sikatai." Dobi alinyooka, akajipangusa mikono kwenye kanga kiunoni. "Nilikwenda Jicho Dogo, nikawaona wale samaki wako. Niliwahurumia, Mungu shahidi. Nikasema nitafunga. Ila nina swali moja tu, unisamehe, mimi sikusoma. Kwenu kumefungwa?"

Wasichana wa kufua waliacha kufua.

"Cha Baba kiko kwenye mpango," mpimaji alisema.

"Kwenye mpango." Dobi aliwageukia wasichana. "Mmesikia? Sisi tuko kwenye spana, wao wako kwenye mpango."

Msichana mmoja alificha mdomo kwa shuka alilokuwa akikamua.

"Mama, suala la Baba ni tofauti kidogo. Kile ni kisima cha zamani, ni cha historia."

"Na changu ni cha juzi? Alinichimbia huyo huyo baba yako, mume wangu akiwa hai!" Dobi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mwanangu, mimi sikugombezi. Umefunga cha yule muuza miche, miche yake imekauka, hakukutukana. Umefunga cha shule. Watu wamekuheshimu kwa sababu tulidhani unapima kwa kipimo kimoja. Sasa mimi nakuuliza kama mama yako: wale samaki wanajua kwamba maji yanayowakimbia ni ya Mzee Futi, wasione uchungu?"

Mpimaji alisimama na koki begani. Uso ulimshuka. Alimtazama Dobi, akashindwa, akaangalia mashuka. Miaka yote ya kuwapeleka watu chemchemini na kuwaonyesha visamaki vinavyogombea kina ilimrudia kwa mkupuo, na katika kila safari alijiona mwenyewe amesimama pale ukingoni, kidole kimenyooka, akiwaonyesha wenzake walichofanya.

"Nitafunga leo," alisema. "Kwetu. Mchana huu."

"Nitakuja kuona," Dobi alisema. "Si kwa ubaya. Nataka kuona tu."

Habari zilimtangulia. Alipofika kwao mchana, Dobi alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa uani, amevaa vizuri kama mtu aliyekwenda kwenye sherehe, na ukutani walikuwa wameegemea majirani, muuza miche mmoja wao. Meneja alikuja pia, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mama wa mpimaji alikuwa akitoa chai kwa watu asiojua wamefuata nini.

Mzee Futi alikuwa ukingoni mwa birika, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu majini.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Kumbe leo una msafara."

"Baba, nimekuja kufunga kisima."

Mzee hakushtuka. Alitoa mguu mmoja majini, kisha wa pili, akavaa kandambili zake polepole. "Kisima hiki si kama vile vya wengine," alisema. "Hiki kina nguvu. Ukikibana kitakasirika."

"Vyote vina nguvu, Baba. Koki hii inastahimili."

"Bomba lenyewe limezeeka. Lina kutu."

"Nimeliangalia. Ni zima."

"Basi tungoje baridi. Wakati huu wa joto maji yana presha."

"Maji hayana baridi wala joto kule chini, ulinifundisha mwenyewe."

"Tungoje tu, mama. Mwezi mmoja."

Watu walikuwa wakisikiliza. Dobi alikuwa amekiweka kikombe magotini, hanywi. Ndipo mpimaji akasema jambo ambalo hajawahi kulisema, na ambalo katika mji ule mtu hamwambii baba yake hata wakiwa wawili chumbani.

"Baba, acha visingizio. Unanitia aibu."

Mtu mmoja ukutani alivuta pumzi. Mama yake alisimama na bilauri ya chai mkononi. Mzee Futi alimtazama binti yake muda mrefu, si kwa hasira, na hilo ndilo baadaye lilimsumbua zaidi. Alimtazama kama mtu anayepima umbali. Kisha akasogea pembeni.

"Haya," alisema. "Funga."

Alifunga. Ilikuwa kazi ya kutosha: kuiingiza koki kwenye mdomo wa bomba, kukaza nati moja baada ya nyingine maji yakimrukia usoni na kifuani, kisha kuuzungusha mkono wa chuma kidogo kidogo hadi mwisho. Mchirizi ukawa mwembamba, ukawa matone, ukakata. Ua ukawa kimya. Alizaliwa katika nyumba ile na hakuwahi kuusikia ukimya wake. Mtu aliyekuwa anaongea nyuma aligundua kwamba anapiga kelele, akanyamaza. Halafu muuza miche akapiga makofi, wengine wakafuata, na meneja akasema, "Hongera, hongera," kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mpimaji alimgeukia Dobi akiwa amelowa, na lazima isemwe kwamba alikuwa ameinua kidevu.

Mzee Futi hakuwa akiangalia koki. Alikuwa akiangalia mlango wa jikoni.

Mama yake ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Jamani! Jamani maji!"

Yalikuwa yakipanda kutoka sakafuni. Jiko lilijengwa hatua chache tu kutoka kwenye bomba, na pale saruji ya sakafu ilipokuwa na ufa, maji ya kijivu yaliyochanganyika na mchanga yalikuwa yakichemka kama uji. Kipande cha sakafu kiliinuka, kikavunjika. Sufuria zilizopangwa chini zilianza kuelea zikigongana. Nje, udongo kuzunguka bomba ulilainika, ukatoa mapovu, kisha chemchemi nyingine ndogo ikafumuka chini ya ukuta wa jirani.

"Fungua," mzee alisema. "Fungua, mwanangu, nyumba itazama."

Aliruka kwenye koki, mikono ikateleza. Mzee alishika naye, lakini hakuwa na nguvu tena. Dobi ndiye aliyekuja, akaitupa kanga yake ya sherehe begani, akashika kwa mikono ile ya kukamua mashuka, na wote watatu wakazungusha. Maji yakaruka juu. Jikoni yakaanza kushuka, yakaacha tope hadi kwenye kifundo cha mguu.

Kila mtu aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kuchimbia pale mjini alijua maana yake. Kisima kikichimbwa, bomba hushushwa ndani ya tundu, na pengo kati ya bomba na udongo hujazwa saruji ili maji yasipate njia ya pembeni. Hiki hakikujazwa. Kiliachwa hivyo hivyo, na kwa kuwa maji yalikuwa yakitoka wazi juu, hayakuhitaji kupita pembeni. Mradi kisifungwe, kasoro hiyo isingejulikana.

Mzee Futi aliketi ukingoni mwa birika. Alipozungumza, alizungumza na binti yake peke yake, ingawa ua mzima ulisikia.

"Lori la saruji lilichelewa. Wakubwa walikuwa wanakuja asubuhi. Nikasema nitajaza baadaye." Alipangusa uso. "Baadaye wakaja na kamera."

"Na mimi nimekaa na unyevu jikoni miaka yote hiyo," mama yake alisema kutoka mlangoni, sufuria mkononi, tope miguuni. "Nikauliza, nikaambiwa ni mvuke wa chai. Mvuke wa chai!"

Ingekuwa siku nyingine watu wangecheka. Meneja alikohoa, akasema ana mgeni ofisini, akaondoka. Majirani walimfuata mmoja mmoja, wakimuaga mzee kwa adabu iliyozidi, kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa. Dobi hakuondoka. Alichukua ufagio, akaingia jikoni, akaanza kuyasukuma maji nje, na hakumtazama mpimaji wala hakusema "nilikwambia." Kufagiliwa jiko la kwao na mwanamke yule, ambaye asubuhi alikuwa na haki yote ya kumcheka, kulimwingia mpimaji kuliko tusi. Alitafuta ufagio mwingine. Wakafagia pamoja.

Aibu yake haikuwa ya kitu kimoja, na hilo lilimfanya ashindwe kuishika. Aliona aibu kwamba alimvunjia baba yake heshima mbele za watu. Aliona aibu kwamba hakumvunjia mapema zaidi, Jicho Dogo likiwa bado linamwagika. Na chini ya hizo kulikuwa na nyingine: mpimaji wa maji, mwenye vipimo vyote vya bonde lile kichwani, alikunywa chai katika jiko lenye sakafu inayotoka jasho na hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameita heshima kile ambacho kilikuwa kutotaka kujua, na baba yake aliitegemea heshima hiyo kama mtu anavyoegemea ukuta.

Siku iliyofuata meneja alimwita. Picha ilikuwa bado ukutani juu ya kabati la chai. Meneja alikuwa ameshafikiria.

"Tuseme bomba limezeeka," alisema. "Kutu. Hakuna anayelaumiwa. Mzee anabaki na jina lake, kisima kinazibwa, yanaisha."

"Mafundi wa kuziba wakija na kuamini ni kutu, watatia bomba jipya ndani ya lile la zamani," mpimaji alisema. "Maji yatapita nje vile vile."

"Wewe utawaelekeza pembeni."

"Pembeni wapi? Sijui alivyokichimba. Anayejua ni yeye."

Meneja alichezea kalamu. "Utamfanya mzee yule asimame mbele ya mafundi vijana, aseme hakujaza saruji?"

Jambo hilo hilo ndilo lililomzuia mpimaji kulala.

Alikwenda nyumbani na kumkuta baba yake jikoni, amepiga magoti kwenye sakafu iliyovunjika, kipande cha chaki mkononi. Alikuwa amechora duara kwenye saruji iliyobaki, na mistari miwili ikitoka kwenye duara.

"Baba, meneja anasema tuseme ni kutu."

"Meneja mtoto mzuri." Hakuinua kichwa. "Wakiamini kutu wataharibu. Hapa, angalia, tundu linapinda. Nilikutana na jiwe futi mia mbili na kitu, nikapinda. Wakishusha bomba la saruji moja kwa moja litakwama. Lazima nikae nao."

"Watakuuliza kwa nini."

"Nitawaambia." Alijaribu kusimama, akashindwa, akanyoosha mkono, binti yake akamwinua. Walikuwa karibu sana uso kwa uso, na wote wawili wakaangalia pengine. "Yale uliyosema uani," mzee alisema.

"Nisamehe, Baba."

"Ulisema kweli. Lakini usiyarudie, mama. Mara moja inatosha."

Mashine ya kuziba inafika Jumatatu. Mafundi watavunja sakafu yote ya jiko, washushe bomba hadi chini kwa maelekezo ya Mzee Futi, na kukijaza kisima saruji kuanzia chini hadi juu, kisitumike tena. Siku mbili baada ya hapo mpimaji atakwenda kufunga koki ya Dobi, na wiki itakayofuata ataanza kupima Jicho Dogo upya.